Redio Iliyozimwa Wakati wa Sala

Lori langu liliondoka lenyewe watu wakiwa wamefumba macho.

Nililisikia kabla ya kuliona. Mota yake inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na kilio hicho nakijua kuliko sauti ya mke wangu, maana mke wangu mara mojamoja hunyamaza. Nikafumbua macho. Mchungaji alikuwa amepiga magoti mbele, ametupa mgongo, anaombea mvua za msimu ujao. Kanisa zima limeinamisha vichwa. Na katikati ya kanisa, kwenye ile njia wanayopita maharusi, lori la bati lenye matairi kumi lilikuwa linakimbia kwa nguvu zake zote, limebeba trei ya mayai thelathini mgongoni.

Nikavuta nyuma kijiti cha redio ninayoliendeshea, maana kijiti nyuma ndiyo breki. Hakuna kitu. Nikavuta mpaka kidole gumba kikauma. Hakuna kitu. Nikaitazama redio iliyoning'inia shingoni mwangu. Taa imezimika, kioo cheusi kama sufuria ya msibani.

Lori likapita mabenchi ya akina mama. Likapita kikapu cha maharage na mikungu ya ndizi. Likakwaruza debe la mahindi, likayumba kidogo, likajirudi, likapanda zulia bila kupunguza mwendo na kuingia kwa kichwa kwenye ngoma kubwa ya kwaya. Ngoma ikasema buu. Mpiga ngoma alikuwa anasinzia, naye akadhani amepitwa na zamu yake, akadaka virungu akaanza kupiga. Nusu ya kwaya ikaamka naye na kudaka pambio. Nusu nyingine ikasema amina. Trei ikaruka, ikageuka hewani taratibu kama chapati, na mayai yakamshukia mchungaji mgongoni, kwenye joho jeupe lililofuliwa jana yake. Jogoo wa sadaka aliyefungwa kwenye mguu wa meza akakata kamba, akaruka juu ya kinanda na kukanyaga sauti tatu ambazo hakuna mpiga kinanda wetu aliyewahi kuzipata.

Watu walicheka, jamani. Walicheka mpaka wengine wakashikilia migongo ya mabenchi. Mchungaji mwenyewe aligeuka, ute wa yai unateleza sikioni, akasema, "Sadaka imefika," na kanisa likalipuka upya. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa na aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa inacheka.

Halafu nikasikia sauti nyuma ya bega langu.

"Kosa la dereva," ilisema. "Siku zote ni kosa la dereva."

Alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mzee wa kanisa, amesimama ubavuni mwa benchi langu na kitambaa chake cha zamu begani. Hapo kicheko changu kikasimama kama kimefungwa kabari. Maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo ya kukohoa kidogo mwishoni, alishayasema miaka kumi na saba nyuma juu ya lori la kweli, na juu ya mtu ambaye hakuweza kujibu kwa sababu alikuwa amelazwa chini ya turubai. Ndiyo maana mimi niliyeishia darasa la nne nimekaa naandika, kwa mkono wa kulia, ambao ndio pekee niliobaki nao.

Ngoja nirudi nyuma, mtaelewa.

Mimi natengeneza malori ya bati. Kazi yangu iko Tunduma, kando ya foleni ya magari yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Foleni ile ni kijiji. Madereva wanakaa pale siku mbili, siku nne, wanapika, wanafua, wanagombana, wanapatana. Mimi nakaa na makopo ya mafuta ya kula, mkasi wa bati na msumari. Chuma nakikandamiza kwa goti, na kwa kigutu cha mkono wa kushoto, ambao unaishia chini kidogo ya kiwiko. Dereva ananionyesha lori lake, namtengenezea mtoto wa lori lake, na kila kitu kiwepo: vioo vya pembeni, bomba la moshi, kile kitambaa cha matope nyuma ya tairi chenye maandishi. Wanaweka juu ya dashibodi. Malori yangu yamefika Ndola, yamefika Kongo. Mimi mwenyewe sijafika.

Siku moja akaja dereva Mzambia, mnene, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Akalishika lori langu kubwa kuliko yote, lile la matairi kumi, ambalo nilikuwa nimelitengeneza kwa furaha yangu tu, siuzi. Akaligeuza juu chini. Akapuliza matairi yakazunguka.

"Mudala," akaniambia, na kwao hiyo ni heshima ya mtu mzima, "motoka hii ni nzuri. Shida moja. Haiendi."

"Inasukumwa," nikamjibu.

"Hata jeneza linasukumwa," akasema, akaenda zake.

Nilimchukia wiki mbili. Aliporudi kutoka safari alikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na mota ndogo, kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo, betri, na sevo, yaani kile kimkono cha umeme kinachokata tairi kulia na kushoto. Kulikuwa na kidude kidogo kama kiberiti chenye waya mmoja mwembamba kama sharubu, wao wanakiita risiva. Na kulikuwa na redio yenyewe, nyeusi, ya kushika mikononi, ina antena, ina kioo, na vijiti viwili, kimoja cha kila gumba. Mtoto wa tajiri wake alikuwa amevunja gari lake la kuchezea, na vitu hivi vilibaki bila mwili.

"Mimi nina roho," akasema, "wewe una mwili. Tufanye mtu."

Nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zikatike.

Siku tatu alizokaa kwenye foleni ndizo zilikuwa shule yangu. Menyu ya redio ilikuwa ya Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha mpakani, najua kuhesabu, kuomba radhi na kutukana. Basi nikachukua kipande cha boksi, nikawa nachora maneno jinsi yalivyokaa. Neno la tatu kutoka juu, lenye herufi saba, hilo linageuza upande. Neno fupi chini yake, hilo ni la kiasi. Mke wangu alinipa rangi yake ya kucha nikatia alama nyekundu kwenye vitufe. Redio ikaonekana kama inaenda harusini.

Jambo la kwanza, Mzambia alitia waya jinsi inavyotiwa kawaida: usukani kwenye kijiti cha kulia, mwendo kwenye kijiti cha kushoto. Akanipa. Nikaishika, nikaiegemeza kifuani, nikasogeza gumba la kulia. Halafu nikakitazama kijiti cha kushoto. Naye akakitazama kigutu changu. Hakusema pole, wala hakuuliza. Alichukua lori, akauchomoa waya wa mwendo kwenye tundu la tatu la risiva, akauchomeka tundu la pili, akawasha tena.

"Sasa kijiti kimoja," akasema. "Mbele, mwendo. Nyuma, breki. Kulia, kushoto. Gumba moja ndiyo dereva, ndiyo mwenye gari, ndiyo polisi wa barabarani."

Mimi sikuwa nimeendesha kitu chochote tangu niwe na mkono mmoja. Hata baiskeli. Hata toroli, watu walikuwa wananipokonya, eti utaangusha. Nikasukuma gumba mbele unene wa punje ya mchele, na lori la bati, kazi ya mkono wangu, likatembea.

Lilitembea moja kwa moja mpaka kwenye beseni la nyanya la mama mmoja, maana nilikata kulia nalo likaenda kushoto.

"Mudala," Mzambia akasema, machozi yanamtoka kwa kicheko, "motoka inataka Zambia, wewe unataka Tanzania."

"Nyanya zangu zinataka nini?" mama akauliza.

Tukarudi kwenye kipande cha boksi. Neno la tatu, herufi saba, njia ya kwanza, ndiyo ya usukani. Nikabonyeza, kimshale kikageuka. Nikakata kulia, likaenda kulia. Mimi nikaona kama nimehamisha mlima. Miaka yote nimeambiwa kwamba kilichopinda kimepinda, na hapa kulikuwa na kitufe cha kupindua.

Kisha kukawa na tatizo la kuvuta upande. Unaliacha liende, lenyewe linakula kushoto kidogo kidogo kama mlevi anayejitahidi. Pembeni mwa kijiti kuna kitufe kidogo, ukikigusa redio inasema tii. Tii moja, lori linarudi kidogo. Nilipiga tii sita likanyooka kama uzi. Halafu tairi za mbele zikawa zinang'ata bati la bodi zikikatwa sana, sevo inaguna kama mtu aliyebebeshwa gunia asilolitaka. Tukapunguza kiasi, kutoka mia mpaka sabini upande mmoja, sitini na tano upande mwingine, kwa sababu bodi langu, nasema ukweli, halikuwa sawa pande zote. Mkono mmoja haukati bati sawasawa. Redio ndiyo ilinisamehe hilo.

Madereva waliacha kufua. Walijipanga pande mbili kama wako kwenye gwaride, na mimi nikapitisha lori katikati, nikalikata kwenye ndoo, nikalirudisha, nikalisimamisha sentimita mbili kutoka kwenye ndala za Mzambia. Hakusogeza mguu. Hilo silisahau. Aliniamini na vidole vyake vya miguu.

Kabla foleni haijasogea alinifundisha mambo mawili, na akanifanya niyarudie kama sala. La kwanza: redio inawashwa mwanzo na kuzimwa mwisho, lori halikai macho bila redio. La pili lilihusu kuifungisha redio na risiva, ili risiva isikie redio hiyo tu na si nyingine. Yeye aliita ndoa.

"Siku ya ndoa, kijiti kikae katikati. Risiva inakumbuka mkono wako ulivyokuwa saa ile. Siku ikipotewa na sauti ya redio, itafanya kile inachokumbuka. Kijiti katikati, itasimama. Kijiti mbele?" Akapiga mluzi, akaonyesha kwa mkono kitu kinachoruka ng'ambo. "Bwino bwino, mudala. Taratibu."

Nikasema natotela, ndiyo asante kwao. Akavuka.

Risiva ile niliiunguza mwenyewe. Nilichomoa waya nisafishe vumbi, nikarudisha nyekundu pa nyeusi. Moshi ulikuwa mdogo tu, mfano wa mtu aliyevuta sigara akaondoka. Nilikaa siku mbili sisemi. Mke wangu akamwambia jirani kwamba nimefiwa na kiberiti.

Mzambia aliporudi alileta nyingine, lakini siku hiyo foleni ilikuwa inakwenda mbio. Alinitupia dirishani, akapaza sauti, "Fungisha ndoa mwenyewe, unajua." Na ni kweli nilijua. Ila kujua na mikono ni vitu viwili. Ndoa ile inataka mikono mitatu: mmoja unabana kitufe cha risiva kwa njiti ya kiberiti, mmoja unachomeka betri, na mtu wa pili anabana kitufe cha redio huku anaiwasha. Mimi kwa kigutu na meno ningeweza kufanya kazi ya mikono miwili. Wa tatu sikuwa nao.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Sikukuu ya Mavuno. Kwetu kijijini Iyula siku hiyo kila nyumba inapeleka kanisani kitu cha shamba au cha banda, na baada ya ibada vinapigwa mnada nje. Mchungaji alikuwa ameshasikia habari za lori, akaniruhusu lipeleke mayai yetu mbele badala ya mke wangu kuyabeba. Nilikuwa nimelala nalo usiku, nasema wazi, hilo wazo. Watu wote walioninyang'anya toroli miaka yote, kesho wataniona naendesha.

Tukaenda kwa mjomba, kwa sababu mjomba ana sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa, tambarare, hakuna nzuri kama hiyo kijijini. Mke wangu ndiye alikuwa ashike redio. Alikuwa ameshafundishwa, na vidole vyake vina akili. Mjomba akatoka ndani na kikombe cha chai.

"Nipe mimi," akasema, anaichukua redio mikononi mwake. "Vitu vya umeme si vya wanawake."

"Mjomba, yeye anajua," nikasema.

"Mpwa, mimi nimemiliki lori kabla hujaota ndevu. Niambie nibonyeze wapi."

Huyo ni mjomba. Kwetu mjomba akitaka kushika kitu chako, kimeshikwa. Nikamwelekeza: kitufe chenye rangi nyekundu, bana, washa swichi, na hicho kijiti cha kulia usikiguse kabisa, kiache katikati. Nikainama na njiti yangu na betri yangu mdomoni. Nikachomeka. Taa ya risiva ikawaka haraka haraka.

Nikasikia mke wangu. "Mjomba, kidole chako. Umekisukuma mbele."

"Nimeacha katikati."

"Kiko mbele, nakiona."

"Mama, nenda kachambue maharage." Kisha akaniambia mimi, "Nilikuwa nalipa moyo tu, likaze."

Taa ikatulia. Ndoa imefungwa. Nikachukua redio, nikasogeza kijiti, lori likaenda, likakata, likasimama. Lilikuwa linanisikia vizuri kabisa. Nililizungusha juu ya sakafu ile mpaka kuku wa mjomba wakazoea. Sikujaribu kuizima redio kwanza, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba redio haizimwi kwanza. Somo la kwanza lilinizuia kuona kwamba somo la pili limevunjwa. Na mke wangu alipotaka kulisema tena njiani, nilimwambia, "Linaenda, sasa unataka nini?" Hilo ni langu, nalikubali, nimeliandika hapa.

Nanyi sasa mnajua kilichotokea, ila jambo moja. Pale kanisani nilikuwa nimeliweka lori mwanzo wa njia, limewashwa, mayai juu, redio shingoni, nasubiri sala iishe. Sala ya mavuno kwetu ni ndefu, tunashukuru kwa mazao yote mpaka maboga. Na redio ile ukiiacha bila kuigusa muda, inaanza kulia yenyewe, tii, tii, tii, ikidhani umelala. Mjomba alikuwa na zamu ya utulivu. Zamu hiyo ni kupita kati ya mabenchi wakati wa sala, simu ikilia anaizima, hata iwe ya nani. Akasikia tii. Akaja. Mimi nimefumba macho namshukuru Mungu kwa maboga. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaizima.

Risiva ikakosa sauti. Ikakumbuka kidole.

Sasa lile lori kubwa. Nitalisema kwa ufupi, maana likiwa refu siwezi.

Lilikuwa la mjomba, na tela yake. Mimi nilikuwa utingo, na dereva alikuwa mtu mpole wa Vwawa, mcheshi, aliyekuwa ananiachia usukani sehemu tambarare na kusema nitamzidi. Tulipakia mahindi hapohapo Vwawa. Mpira wa upepo wa breki za tela ulikuwa umetoboka. Dereva akasema hatuondoki mpaka uje mwingine. Mjomba akasema mzigo unangojewa. Akaingia mwenyewe chini na spana. Nilimshikia tochi, nilikuwa nimechuchumaa kando yake. Akaukunja ule mpira, akaufunga kwa waya, akafunga koki inayopeleka upepo kwenye tela. Breki za tela zikawa hazipo. Akatoka akijifuta mikono, akasema, "Tela itafuata tu, itaenda wapi." Dereva alikataa. Mjomba akamwambia, "Kama huwezi, shuka, madereva wako wengi stendi." Dereva alikuwa na nyumba ya kulisha. Akapanda.

Kwenye mteremko tela haikufuata. Ilitusukuma. Alikanyaga breki mpaka akasimama juu yake, na aliniambia, "Shika, mdogo wangu." Hilo ndilo neno lake la mwisho duniani, na nilishika, na mkono nilioshikia ndio huu ambao haupo.

Mjomba alifika akatazama turubai, akasema, "Kosa la dereva. Alishuka na gia kubwa." Watu wakaandika hivyo. Mimi nilipopata nguvu ya kusema, mama alikaa kitandani kwangu akalia, akasema, huyo ni kaka yangu, ndiye atakayekulea. Nikanyamaza. Mjane wa dereva akaitwa mke wa dereva mzembe. Baadaye alikuja kuishi huku kwa dada yake, na anaimba kwenye kwaya yetu, mstari wa mbele, karibu na ngoma. Kila Jumapili namwona kisogo.

Basi turudi nje ya kanisa, kwenye mnada. Watu walikuwa bado wanacheka. Mwendesha mnada alikuwa anamnadi yule jogoo kama mwanamuziki. Mjomba alikuwa amezungukwa, anawasimulia: "Nilimwambia mpwa wangu mambo ya mashine ayaache. Kosa la dereva, basi."

Mke wangu akaja kando yangu. Alikuwa na lori mikononi, taa moja imepasuka. Akanong'ona, "Waonyeshe."

Nikachukua kreti la soda tupu, nikaliweka lori juu yake, tairi zining'inie hewani. Nikaomba watu wasogee. Nikawasha redio, kisha lori. Kimya, tairi zimetulia. "Mnaona," nikasema. "Sasa naizima redio, kama ilivyozimwa kwenye sala." Nikabonyeza swichi.

Tairi zikazunguka kwa kasi mpaka kreti likatetemeka.

Watu wakasema aaah, ile aaah ya watu waliokuwa wanaangalia upande mmoja wakageuzwa.

"Lori hili," nikasema, "linakumbuka kidole cha mtu aliyeshika redio siku ya kuifungisha. Likipotewa, linafanya alichofanya yeye. Si mimi. Mimi nilikuwa nimeinama, betri mdomoni. Mjomba, nani alishika redio?"

"Wewe huyo," mke wangu akamwambia mjomba, hakungoja. "Ukanituma kuchambua maharage. Na leo kwenye sala ukaizima, nilikuona."

Mchungaji, joho limeganda ute, akaanza kucheka. "Mzee," akasema, "kwa hiyo uliweka mbele, halafu ukaja kuzima wewe mwenyewe?" Kicheko kikaanza tena, kikubwa kuliko cha ndani, nami nikacheka nacho, sikuweza kujizuia. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Mjomba akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mayai tu," akasema. "Nitaleta trei nyingine."

"Sidai mayai," nikasema.

Nadhani alijua kabla sijaendelea. Mjane alikuwa amesimama na wanakwaya wenzake, tone la kiini limekauka kwenye kitenge chake, yeye pia alikuwa anacheka.

"Hili lori limesema nani alilikosesha breki," nikasema. "Lile kubwa halikuwa na risiva. Lilikuwa na mimi. Nilikushikia tochi, mjomba. Koki ya upepo wa tela aliifunga nani?"

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma, wale wa mbali wakiuliza amesema nini. Mjane hakuuliza. Alikuwa ameshika kitenge pale penye kiini na hakiachii.

Mjomba alimtazama, akatazama viatu vyake, akakohoa. "Hapa si mahali pake," akasema.

Mchungaji akasema basi mahali pake ni kikao cha wazee. Vikao vitatu vimepita. Cha kwanza mjomba alikuwa na mgongo. Cha pili alikuwa na mgeni kutoka Ileje. Cha tatu alikuwa anaanika kahawa, na mvua ilikuwa inanyesha, mnaweza kuanika kahawa mvuani ninyi?

Mzambia nilimsimulia yote foleni ilipomleta. Alicheka mpaka akavua kofia, aliposikia ya jogoo. Mwisho akavaa kofia yake tena, akasema, "Mudala, risiva unaweza kuifungisha upya. Mtu je?" Tuliifungisha upya palepale, kijiti katikati. Sasa ukizima redio lori linasimama, kimya, kama kiumbe chenye adabu.

Mjomba, najua utasomewa haya, mke wa mchungaji ameniahidi. Lori la bati limekumbuka kidole chako siku moja, likakisema mbele ya watu wote. Mimi nimeukumbuka mkono wako miaka kumi na saba na nimekula ugali wako nikiwa kimya, na kwa hilo nami nina langu la kumwambia mjane, nitalisema nikisimama pembeni yako. Jumapili hii hakuna kahawa ya kuanika. Redio yangu nitaizima mwenyewe mlangoni, usihangaike kuja kuizima. Mjane atakaa benchi la mbele. Simama umwambie, kwa mdomo wako uliosema kosa la dereva: ile koki ilifungwa na nani?